Simu Isilale na Mtoto

Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya za Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria

Yanayofika kituoni

Mama anaingia zahanati na binti yake wa kidato cha pili. Kichwa kinamuuma wiki ya tatu sasa, darasani anasinzia, nyumbani hataki kuongea na mtu. Kipimo cha malaria kinaonyesha hana. Damu inatosha. Mhudumu anamuuliza binti analala saa ngapi, lakini anayejibu ni mama: "Huyu saa tatu tu yuko kitandani." Binti anatazama chini. Ni kweli, saa tatu yuko kitandani. Ila simu anaizima saa tisa usiku, amejifunika shuka gubigubi, mwanga kaupunguza ili wadogo zake wasishtuke.

Leo ni binti wa Igoma, kesho kijana wa Kirumba, keshokutwa mwanafunzi aliyevuka na kivuko kutoka Ukerewe. Wengi huondoka na vidonge vya maumivu, na baada ya wiki mbili wamerudi. Tiba yao haiuzwi duka la dawa. Simu isilale na mtoto.

Kanuni yenyewe

Ikifika saa tatu usiku, simu ya mtoto inalala kwa mzazi mpaka asubuhi.

Kwa nini usiku

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10 kila usiku. Anayezima simu saa tisa na kuamka saa kumi na moja na nusu ili awahi namba shuleni amelala saa mbili na nusu tu. Akifanya hivyo siku tano mfululizo, mwili unaanza kudai: kichwa kinauma, hasira inakuwa karibu, somo haliingii, chakula hakina ladha, na machozi yanatoka kwa jambo dogo. Mzazi anasema mtoto amekuwa jeuri. Mtoto hajalala.

Mambo mengi yanamsukuma akeshe. Mitandao ya simu huuza bando za usiku kwa bei nafuu kuliko za mchana, kwa hiyo mwenye hela kidogo anasubiri watu walale. Programu nazo hazimpi mahali pa kuishia: kwenye TikTok na Instagram video moja ikiisha, nyingine inafuata. Na kando ya ziwa usiku hauna msimamizi. Baba yuko majini na taa za dagaa, mama amelala mapema kwa sababu alfajiri anatakiwa mwaloni.

Wasiwasi huu haujaanzia Mwanza. Mei 2023 Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani, Vivek Murthy, alitoa tahadhari kwa nchi nzima kuhusu vijana na mitandao ya kijamii. Alieleza kwamba wanaoitumia zaidi ya saa 3 kwa siku wana hatari maradufu ya kupata dalili za sonona na wasiwasi. Australia ilikwenda mbali zaidi: tangu Desemba 10, 2025, sheria yake inazitaka kampuni kubwa za mitandao kuwazuia watoto wa chini ya miaka 16 kuwa na akaunti. TikTok, Instagram na WhatsApp zenyewe zimeweka umri wa kuanzia kuwa miaka 13, lakini mtoto wa darasa la tano akiandika mwaka wa uongo anaweza kupita. Nyumbani, mlinzi wa kwanza ni mzazi, na kazi yake ya kwanza ni ile ile: simu isilale na mtoto.

Wanaokuja usiku wa manane

Hapa ndipo penye hatari kubwa, na hapa mzazi asome taratibu.

Utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Tanzania, katika kila watoto 100 wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, 4 walifanyiwa ukatili wa kingono unaohusisha mtandao ndani ya mwaka mmoja. Kwa makadirio ni watoto wapatao 200,000. Wengine walitishiwa, wengine picha zao zilisambazwa bila ridhaa, wengine waliahidiwa pesa au zawadi. Na mara nyingi mkosaji ni mtu ambaye mtoto anamfahamu.

Mazungumzo ya namna hii huanza kwa upole. "Mambo, mrembo? Bado hujalala?" Inafuata vocha. Inafuata ahadi ya simu mpya. Kisha linakuja ombi la picha, "ya kwangu peke yangu." Saa saba usiku hakuna mkubwa wa kuulizwa, na mtoto mwenye usingizi hupima mambo vibaya.

Dalili za kuangalia:

- Mtoto ana bando au vocha, na mzazi hajui imetoka wapi.
- Anageuza kioo cha simu mtu akipita.
- Ana laini ya pili iliyofichwa.
- Mtu mzima, awe jirani, dereva wa bodaboda, mvuvi, mwalimu au ndugu, anamwandikia usiku.
- Anakataa ghafla kwenda shule, hasa baada ya kupokea ujumbe.
- Anaomba au kuiba hela bila kueleza ya nini. Huenda kuna anayemtishia kusambaza picha.

Kwa wavulana mambo ni hayo hayo. Nao hutongozwa, nao hutishiwa, na huchelewa zaidi kusema kwa kuona aibu.

Picha ikishatoka

Mtoto asipigwe. Akipigwa leo, kesho atamficha mzazi na kumtii anayemtishia. Maneno ya kuanzia ni haya: "Mwanangu, umefanya vizuri kuniambia. Tutalimaliza pamoja."

Anayetishia asilipwe hata shilingi. Akilipwa atadai tena. Ujumbe usifutwe, namba yake iandikwe, na ushahidi upelekwe Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Picha isitumwe kwa yeyote, hata shangazi, hata kwenye kundi la WhatsApp la wazazi kwa nia ya kuonya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za watoto, na pia unyanyasaji wa mtandaoni.

Kama mtoto alikutana na mtu huyo na kuingiliwa, afike hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita. Dawa za kumkinga na VVU hufanya kazi ndani ya muda huo, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyosaidia zaidi. Asioge wala kufua nguo alizovaa. Fomu ya polisi, PF3, inahitajika kwa ajili ya kesi, lakini isiwe sababu ya kuchelewa kumfikisha hospitali.

Mtoto akisema afadhali afe

Asiachwe peke yake hata dakika moja. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Uso wa kwenye simu

Sura nyingi za mtandaoni zimeng'arishwa na programu. Binti anayejilinganisha nazo usiku kucha anaanza kujichukia, kisha anatafuta mkorogo sokoni. Aambiwe mapema, tena na mtu anayempenda.

Nyumba ya chumba kimoja

Familia nyingi za Igogo na Mabatini zimepanga chumba kimoja, na watoto wanalala upande wa pili wa pazia. Hapo simu ifungiwe kwenye sanduku la nguo na ufunguo akae nao mama. Baba akiwa ziwani, bibi au dada mkubwa aishike. Visiwani, kwa wanaopeleka simu kwa mwenye sola, ilale huko huko kama mwenyewe anaaminika. Isichajiwe chini ya mto wala juu ya godoro, kwa sababu hupata joto na inaweza kuwasha moto.

"Lakini ndiyo kengele yangu ya kuamkia"

Anunuliwe saa ya mezani ya betri, au aamshwe na mzazi.

"Lakini nasoma"

Masomo yafanywe kabla ya saa tatu, sebuleni au barazani, mahali watu wanapita. Anayehitaji kupigiwa simu tu anatoshwa na kitochi.

Mzazi naye

Mtoto hawezi kusalimisha simu yake huku mama anaangalia video mpaka saa sita. Simu zote za nyumbani zikae sehemu moja. Laini anayotumia mtoto imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mzima, basi mtu mzima huyo ajue inatumiwaje. Kukagua kufanywe mtoto akiwepo na akielezwa sababu, maana ukaguzi wa kuvizia humfundisha kuficha.

Kuanzia leo

Mzazi azungumze na watoto kabla ya chakula cha jioni, si usiku wakati wa ugomvi. Awaeleze kanuni, saa na mahali simu zitakapowekwa. Siku za kwanza kutakuwa na kununa na kulia, asilegeze. Wiki mbili zikipita na mtoto bado anaumwa kichwa, hali chakula vizuri au amejitenga, apelekwe kituo cha afya kilicho karibu, na mhudumu aelezwe habari za simu bila kuficha. Kituo kikiona inafaa kitampa rufaa kwenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando.

Huduma ya Simu kwa Mtoto ni 116, bila malipo. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga, mzazi pia, hata jirani aliyeona jambo. Namba hiyo iandikwe ukutani, karibu na mahali simu zitakapolala kuanzia leo saa tatu usiku.