Dondoo muhimu: Kupanga rangi za nje ya nyumba

Anza na bati. Ukuta utaupaka upya baada ya miaka michache; bati litabaki. Bati la damu ya mzee hupatana na krimu, la kijivu hukubali nyeupe.

Rangi tatu zinatosha: ya kuta, ya nguzo na fremu, na ya tatu, kidogo tu, mlangoni na kwenye grili. Ya nne waachie chekechea.

Penye udongo mwekundu, kama Karatu, mvua hurusha matope ukutani. Chini paka mkanda wa kahawia iliyokolea, kama sentimita 60 kwenda juu. Pwani, rangi nyeupe hurudisha joto la jua, ila huonyesha ukungu upesi upande wa kivuli.

Usiamue kwa kadi ya dukani. Rangi ikienea ukuta mzima huonekana kali zaidi. Nunua kopo la lita 1, paka kipande cha mita 1 kwa 1 penye jua na penye kivuli, ukitazame asubuhi, adhuhuri na jioni. Lipu mpya iache ikauke wiki 4 kwanza.

Na namba ya rangi iandike mahali. Fundi akirudi kuziba mikwaruzo ataiulizia.