Madirisha ya Data za Afya Masisi na Walikale: ya Kufanya na ya Kutofanya

Masharti haya ni ya anayeingiza fishi za vituo vya afya katika ofisi za zoni za afya za Masisi, Mweso, Walikale na Pinga, Kivu Kaskazini, Kongo, na ya fundi anayemtengenezea hifadhidata. Dirisha likikaa vibaya, chanjo ya mtoto mmoja huandikwa kwa jina la mwingine.

FANYA: Tanua dirisha moja tu lijaze skrini, lile la fishi. Dirisha linaloelea liwe la kazi fupi: kutafuta jina, kuchagua tarehe, kuthibitisha. Kazi ikiisha, lifunge.

USIACHE dirisha dogo lifunike jina, umri na kijiji cha mgonjwa. Mtu aliyekimbia vita huandikishwa leo Sake, baadaye Mweso, na majina hufanana mno. Kinachowatenganisha wagonjwa ni hayo matatu; yakifichika, unabahatisha.

USIFUNGUE rekodi moja katika madirisha mawili. FileMaker, programu ya hifadhidata, huzuia kuandika katika la pili mpaka la kwanza lihifadhiwe. Programu nyingine huacha maandishi ya mwisho yafute ya kwanza bila kuuliza.

Programu ikionekana kugoma, USIZIME kompyuta. Mara nyingi swali la kuthibitisha limejificha nyuma ya dirisha lililotanuliwa. Bonyeza Alt na Tab kwanza. Kuzima kwa nguvu kunaweza kuharibu faili nzima.

Kwa fundi sina huruma. USIAMINI kompyuta yako peke yake. Tangu toleo la Yosemite la 2014, kitufe cha kijani cha Mac hupeleka dirisha kwenye skrini nzima na kuficha menyu. Linux inayotumia mfumo wa madirisha wa Wayland hairuhusu programu ijichagulie mahali pa dirisha lake. Kwa hiyo jaribu kila mfumo utakaotumika, tena kwenye skrini ya pikseli 1366 kwa 768, ya laptopu nyingi za bei nafuu. Kitufe cha kuhifadhi kikiangukia chini ya ukingo wa skrini, hujamaliza kazi.

USIRUDISHE dirisha mahali pa jana kabla ya kupima kama panaonekana. Projekta ya mkutano ikichomolewa, dirisha hufunguka nje ya skrini. Mtumiaji wa Windows ya Kifaransa abonyeze Alt na kitufe cha nafasi, achague Déplacer, kisha alivute kwa mishale.

Kwenye DHIS2, programu ya Chuo Kikuu cha Oslo inayobeba takwimu za afya za taifa letu, USIWEKE fishi moja katika vichupo viwili vya kivinjari. Subiri kisanduku ulichojaza kigeuke kijani ndipo uhame, hata kama batri ya sola inakaribia kuisha.

Fishi hizi ndizo zinazoonyesha surua, kipindupindu na mpox vinapoanza kuenea. Asiyekubali masharti haya asipewe nywila.