Umeme wa Redio ya Motokaa: Jinsi ya Kutafuta Hitilafu

Siku hizi ni shida kuona motokaa isiyo na redio katika mji wa Sumbawanga. Mabasi madogo yaendayo Laela na Matai, malori ya mahindi, na magari ya matangazo yenye vipaza sauti juu ya paa, yote hutumia umeme wa betri kutoa sauti. Sauti ikikatika, wenye magari wengi hununua redio mpya au betri mpya, na baada ya siku chache taabu hurudi ile ile. Katika somo hili tutaonyesha ya kuwa kanuni moja fupi, ambayo kila mwanafunzi wa fizikia ameinakili ubaoni, yatosha kuvumbua hitilafu nyingi za namna hii bila kubahatisha.

NJIA YA UMEME

Umeme hutoka katika ncha chanya ya betri, hupita katika fyuzi, hufuata waya mpaka kwenye redio au amplifaya, kisha hurudi kwenye ncha hasi kwa njia ya waya mweusi uliofungwa katika bodi ya gari. Njia hiyo ya kurudi mafundi huiita eathi. Watu wengi huchunguza njia ya kwenda tu, wakaisahau ya kurudi. Lakini umeme ni lazima uzunguke. Njia ikikatika popote, mkondo wote husimama.

Redio nyingi zina nyaya tatu za umeme. Waya wa manjano hupata umeme wakati wote, ili redio isisahau saa na vituo vyake. Waya mwekundu hupata umeme ufunguo unapozungushwa. Waya mweusi ndio eathi. Basi redio ikiwaka vema lakini ikasahau vituo kila gari lizimwapo, tazama waya wa manjano. Isipowaka kabisa, tazama fyuzi kwanza, kisha nyaya zote tatu. Kama kuna amplifaya, waya mwembamba wa buluu utokao katika redio ndio uiamshao; ukikatika huo, amplifaya hulala hata kama waya wake mnene una umeme. Rangi hizi hazifuatwi na watengenezaji wote, kwa hiyo pima kabla ya kuamini.

KANUNI YA OHM

Georg Simon Ohm, mwalimu wa shule huko Ujerumani, alitangaza kanuni yake mwaka 1827. Yasema hivi: volti ni sawa na ampea mara omu. Volti ni msukumo wa umeme, ampea ni wingi wa mkondo, na omu ni kipimo cha ukinzani, yaani ugumu wa njia.

Tuseme betri ina volti 12.6, na amplifaya yataka ampea 10 wakati wa sauti kubwa. Waya wake wa shaba una urefu wa mita 4 na unene wa nusu milimita ya mraba. Ukinzani wake ni karibu omu 0.14. Chini ya bolti ya eathi pana kutu, nayo yaongeza omu 0.16. Jumla ni omu 0.30. Zidisha kwa ampea 10: volti 3 zapotea njiani, na amplifaya yapata volti 9.6 tu. Amplifaya nyingi hujizima kwa umeme mdogo kama huo.

Sasa tazama ajabu yake. Amplifaya ikijizima, mkondo hukoma. Mkondo ukikoma, hakuna volti ipoteayo njiani. Volti hupanda tena mpaka 12.6, amplifaya huamka, sauti hurudi, kisha hukatika tena. Na sauti ikiwa ndogo, tuseme ampea 1, upotevu ni volti 0.3 tu, wala hakuna atakayeona kasoro. Jina la Sumbawanga, kama wazee wasemavyo, maana yake ni tupa uchawi. Na hitilafu hii ijayo na kwenda yafaa itolewe katika mambo ya uchawi, maana ni hesabu ya kuzidisha tu.

Hapa ndipo lilipo jambo kubwa la somo letu: pima volti wakati kifaa kinafanya kazi. Ukipima redio ikiwa imezimwa, hata waya mbovu utaonyesha volti 12.6, nawe utadanganyika.

HATUA ZA KUPIMA

Chukua multimita, iweke kwenye volti za mkondo mnyoofu, kipimo cha 20, kisha ufuate hatua hizi kwa taratibu.

1. Pima betri, injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa. Volti 12.6 ni betri iliyojaa; 12.2 ni karibu nusu. Chini ya 12 ni betri yenye njaa.

2. Washa injini, upime tena. Volti ziwe kati ya 13.8 na 14.4, au karibu na hapo. Zikibaki chini ya 13, chunguza altaneta na mkanda wake, wala usiilaumu redio.

3. Fungulia sauti kubwa. Pima volti kwenye betri, kisha kwenye ncha za amplifaya. Tofauti ikizidi nusu volti, njia ina kasoro.

4. Sauti ikiendelea, gusa ncha chanya ya betri kwa waya mmoja wa multimita, na ncha chanya ya amplifaya kwa waya wa pili. Hesabu utakayoiona ndiyo upotevu wa njia ya kwenda. Fanya vivyo hivyo kwa ncha hasi, nawe utapata upotevu wa njia ya kurudi. Katika mfano wetu utaona 1.4 na 1.6, basi njia zote mbili zataka matengenezo.

Kabla ya kutengeneza, zima injini na ufungue kwanza waya wa ncha hasi ya betri. Sugua kutu kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza bolti, upake grisi. Badili waya mwembamba kwa mnene: waya wa milimita 4 za mraba, wenye urefu ule ule, una omu 0.017 tu, na kwa ampea 10 hupoteza volti 0.17. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

FYUZI NA HATARI YA MOTO

Volti 3 zilizopotea hazikutoweka. Volti 3 mara ampea 10 ni wati 30 za joto, katika waya na katika kutu. Fyuzi imewekwa ili iungue kabla ya waya kuungua. Mtu akitia karatasi ya sigara au kipande cha waya mahali pa fyuzi, waya wenyewe hugeuka fyuzi, nao umelala chini ya zulia, karibu na viti vya abiria. Fyuzi ikiungua tena na tena, tafuta mahali ambapo waya unakwaruzwa na chuma, uuvike mpira. Fyuzi kuu na iwe karibu na betri.

Wenye malori nao waangalie. Malori mengi hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatana. Redio ya volti 12 ikiunganishwa na 24 huungua. Wala si vema kuchota umeme katika betri moja tu, kwa kuwa moja itachoka na nyingine itajazwa kupita kiasi. Tumia kifaa cha kupunguza volti 24 kuwa 12.

Mwisho, tukumbuke baridi ya Ufipa. Betri ya ampea 45 kwa saa, ikitoa ampea 5 kwa muziki injini ikiwa imezimwa, kwa hesabu ni ya saa 9. Lakini injini itakataa kuwaka mapema zaidi, hasa mwezi wa Juni na Julai, maana baridi hudhoofisha betri na kuifanya oili iwe nzito. Gari likigoma alfajiri katika njia ya Ntendo kwenda Muze, na ndani yake mna mgonjwa, hilo si jambo la muziki tena.

MASWALI

1. Amplifaya yatumia ampea 8, na ukinzani wa njia nzima ni omu 0.25. Betri ina volti 12.6. Amplifaya yapata volti ngapi, na joto lipoteالo njiani ni wati ngapi?

2. Kwa nini redio hucheza vema kwa sauti ndogo na kukatika kwa sauti kubwa?

3. Pima upotevu wa volti katika gari la nyumbani, pamoja na mzazi au fundi, uandike hesabu zako.

Jibu la swali la 1: volti 10.6, wati 16.