Motokari ya koperative: tuchunguze 4x4 kabla ya kununua pon nyingine



Mvua zetu za Haut-Katanga zinashika mwezi wa Novemba, na huo ndio wakati mbegu na mbolea zinapaswa kuwa zimekwisha kufika shambani. Motokari ikilala garaji wiki mbili, mahindi yanapandwa kwa kuchelewa na mavuno yanapungua. Njo maana somo la mwezi huu linatoka kidogo nje ya shamba: linahusu ambreyaji ya 4x4.

Mimi ni agronomu, si mekanisie. Lakini kuchunguza ugonjwa ni kazi ileile. Muhindi ukigeuka njano hatukimbilii dawa. Tunaangalia kwanza majani, udongo, maji na mizizi. Kwa motokari pia tunaanza na kitu kisichoomba franga, tunamaliza na kile cha bei kali.

1. Ujue motokari yako ni ya aina gani

Aina ya kwanza ni ya levye: Land Cruiser za kazi, Hilux na ndugu zao. Shofere mwenyewe anaweka H4 au L4, na nyingi zinataka vilevile kuzungusha kifungo cha katikati ya magurudumu ya mbele, kutoka FREE kwenda LOCK. Ukiweka H4 na magurudumu ya mbele hayavuti, angalia kwanza hivyo vifungo. Mara nyingi kimoja kimebaki FREE. Na usitembee na H4 kwenye lami kavu: vyuma vinajikaza, levye inakataa kutoka. Ikikataa, rudi nyuma pole pole mita chache kwa mstari ulionyooka, vyuma vitalegea.

Aina ya pili ni ya kujiendesha: Nissan X-Trail, Honda CR-V, Toyota RAV4 za tangu 2006. Hapa magurudumu ya mbele ndiyo yanavuta kila siku. Nyuma, karibu na pon, kuna ambreyaji ndogo yenye sahani nyembamba ndani ya mafuta. Mbele ikiteleza, sahani zinabanwa na magurudumu ya nyuma yanasaidia. Kwenye X-Trail na RAV4 kazi ya kuamuru kubana ni ya kompyuta, inayosoma mwendo wa kila gurudumu. Kwenye CR-V za zamani ni pampu mbili za mafuta.

Msiichanganye na ambreyaji ya pedali. Ukipanda mlima na vitesi ya 4, injini ikalia juu lakini mwendo hauongezeki, ugonjwa uko kwenye pedali, 4x4 haina kosa.

2. Dalili na maana yake

*Ukikata kona kali kwenye lami kavu, motokari inashika kama mtu amekanyaga freni.* Sahani hazijiachii. Sababu: mafuta yamechoka au si ya aina yake, ao pine hazilingani. (Kama kifungo kiko LOCK, kushika kidogo ni kawaida.)

*Kwenye matope mbele inazunguka bure, nyuma imekufa.* Sahani hazibanwi. Inaweza kuwa fyuzi, waya, pampu, ao sahani zimekwisha.

*Taa ya 4x4 na ya ABS zinawaka pamoja.* Angalia kwanza kipimo cha mwendo kilicho kwenye gurudumu. Matope yakikifunika au waya ukikatika, kompyuta inazima 4x4 nzima.

*Taa inawaka baada ya kupigana na matope, kisha inazima yenyewe.* Ambreyaji ilipata moto. Simama, iache ipoe. Ukiendelea kulazimisha, sahani zitaungua.

3. Tuchunguze kwa mpango huu

Kwanza, pine. Chukua sentimeta ya fundi cherehani, pima mzunguko wa kila pine. Pine mpya ya 215/65 R16 ina karibu sentimeta 215. Iliyochakaa milimita 8 inabaki na karibu 210. Unaona ni kidogo? Kwa kilometa moja, pine ndogo inazunguka mara 11 zaidi. Kutoka Likasi mpaka Lubumbashi, karibu kilometa 120, ni mara zaidi ya 1.300. Tofauti hiyo yote inabebwa na zile sahani, zinasuguana na kupata moto njia nzima. Kununua pine mbili mpya na kuacha mbili kuukuu kunaonekana ni kubana franga, kumbe ndiko kunaua ambreyaji. Angalieni na pumzi: zote nne zijazwe kama kitabu cha motokari kinavyosema.

Pili, fyuzi na waya. Osha chini ya motokari, fuata kila waya mpaka kwenye gurudumu. Mawe na vijiti vya njia zetu vinakata.

Tatu, mafuta. Kuna mahali panapovuja? Yamekuwa meusi, yananuka kuungua? Weka aina ambayo kitabu kinataja tu. Mafuta ya pon ya kawaida si dawa ya kila motokari.

Nne, jaribio la kona. Mahali tambarare, pakavu, pasipo watu, zungusha usukani mpaka mwisho, tembea pole pole duara mbili. Kama una kifungo cha 2WD, kiweke na urudie. Kushika kukiisha, ugonjwa uko kwenye ambreyaji ya 4x4. Kukibaki, sahani zinaweza kuwa zimeshikamana zenyewe, ao ugonjwa uko kwingine. Sauti ya ka-ka-ka mbele, kwa mfano, mara nyingi ni kardani ya gurudumu.

Tano, mashine ya kusoma kompyuta. Ombeni namba ya kosa iandikwe kwenye karatasi. Baada ya hapo ndipo tunazungumza bei ya pon.

Angalisho. Usiinue magurudumu mawili kwa jeki na kuweka vitesi injini ikiwaka: mawili ya chini yanaweza kuvuta na motokari ikaruka juu ya mtu. Na ikikokotwa, ipandishwe yote nne juu ya lori. Kuinua upande mmoja tu kunaunguza sahani.

4. Kazi ya komite

Hiyo motokari ni michango ya wanachama. Wekeni daftari ndani yake: tarehe, kilometa, mzigo, dalili gani, na ilitokea kona au matopeni. Mifuko 10 ya mbolea ni kilo 500. Motokari ndogo ya watu ikibeba hiyo na abiria juu yake, imepita nguvu zake. Mekanisie akisema pon imekufa, mwombe aonyeshe: mafuta, namba ya kosa, sahani zenyewe. Fundi mzuri hatakasirika. Kipande cha zamani kirudi kwa komite.

Maswali ya mkutano ujao

1. Pine zetu nne zina sentimeta ngapi kila moja?
2. Mafuta ya ambreyaji ya nyuma yalibadilishwa lini? Nani aliandika?
3. Nani atafanya jaribio la kona kabla ya mwisho wa Oktoba?

Mkipata jibu la maswali hayo matatu kabla ya mvua, mbolea itafika kwa wakati.