TIKITI HALIVUNDIKWI
Somo juu ya kuchuma matikiti na kutunza mbegu ya nyumbani



Sisi wa Moshi na wa mlimani tumelelewa katika migomba. Tangu utotoni tumeona mkungu ukikatwa ungali mbichi, ukavundikwa, na baada ya siku chache ndizi zikawa mbivu na tamu. Parachichi nalo ni vivyo hivyo: huchumwa likiwa gumu, likalainikia ndani ya nyumba. Basi mtu ateremkapo tambarare, pande za Kahe, Mabogini au Chekereni, akalima matikiti, huenda na desturi ile ile ya kihambani. Huchuma mapema kwa kuogopa wezi, au kwa sababu mnunuzi amefika na gari, akijiambia kwamba yataivia njiani. Kwa ndizi desturi hiyo ni njema. Kwa tikiti ni hasara, na hasara yenyewe haiishii sokoni.

1. Kwa nini tikiti haliivi nyumbani

Ndizi mbichi imejaa wanga. Ikisha kukatwa, wanga huo hugeuka kuwa sukari, ndiyo maana huzidi utamu ikivundikwa. Tikiti halina akiba hiyo. Sukari yake hutengenezwa na majani, nayo hupita katika kikonyo kuingia ndani ya tunda siku kwa siku, hata siku za mwisho kabisa. Ukikata kikonyo, umefunga njia. Nyama ya ndani yaweza kuzidi wekundu kidogo likikaa, lakini utamu hauongezeki tena.

2. Dalili za tikiti lililokomaa

Usitegemee dalili moja. Tafuta zote, nazo zikikubaliana, chukua kisu.

(a) Kikono. Huu ni ule uzi mwembamba unaojisokota, unaoota kwenye mtambaa karibu na kikonyo cha tunda. Tazama ule ulio jirani kabisa na tunda lenyewe. Ukiwa kijani, ngoja. Ukiwa umekauka wote na kuwa wa kahawia, tunda limekaribia au limekwisha kukomaa. Lakini mche ulioungua kwa jua au kwa ugonjwa hukausha vikono kabla ya wakati, kwa hiyo endelea kutazama dalili nyingine.

(b) Baka la chini. Ligeuze tunda polepole, bila kuvunja mtambaa. Pale lilipolalia udongo, likiwa changa huwa jeupe au la kijani hafifu. Likikomaa hugeuka kuwa la manjano, kama rangi ya samli.

(c) Ganda. Tikiti changa hung'aa. Lililokomaa hupoteza mng'ao, na ganda huwa gumu kulikwaruza kwa ukucha.

(d) Sauti. Wengi hupiga kwa kidole na kusikiliza. Changa hulia sauti kali, lililoiva hulia sauti nzito. Lakini sauti huhitaji sikio lililozoea, tena lililopitiliza nalo hulia nzito. Hii iwe dalili ya mwisho, isiwe ya kwanza.

(e) Hesabu ya siku. Kwa kawaida ni siku 35 hadi 45 tangu ua la kike kufunguka. Ua la kike utalitambua kwa kitunda kidogo kilicho nyuma yake. Chomeka kijiti kando yake, ukiandika tarehe. Kadiri unavyopanda juu mlimani ndivyo baridi inavyochelewesha tunda, kwa hiyo hesabu ya Kahe si hesabu ya Marangu.

3. Siku ya kuchuma

Juma moja kabla ya kuchuma, punguza maji ya mfereji. Maji mengi wakati huo hupasua matunda na kupunguza utamu. Usichume alfajiri, kwa kuwa tunda limejaa maji na hupasuka kwa urahisi. Ngoja jua lipande. Kata kwa kisu, usivute kwa mkono, na uache kipande cha kikonyo. Wala usichelewe mno, maana lililopitiliza nyama yake huwa kama unga uliolowa.

4. Mbegu

Hapa ndipo penye jambo kubwa. Tikiti lililochumwa changa lina mbegu nyeupe, laini, zisizoota vema. Mbegu iliyokomaa ni ngumu, na katika aina nyingi huwa nyeusi au ya kahawia. Mwenye kuchuma mapema huharibu mavuno ya mwaka huu na ya mwaka ujao pamoja.

Tena wako wanaouza yaliyo bora yote, kisha wakatoa mbegu katika vitikiti vidogo vya mwisho vilivyobaki shambani. Baada ya miaka kadhaa husema mbegu imechoka. Mbegu haikuchoka, kila mwaka ilichaguliwa iliyo dhaifu. Weka alama mapema kwenye matunda mazuri ya miche kadhaa yenye afya, na watu wa nyumbani wajue kwamba hayo hayauzwi. Yakiiva, kuleni nyama, osheni mbegu, zianikeni kivulini hadi zikauke kabisa, kisha zihifadhiwe pakavu pasipo joto. Zikitunzwa hivyo hudumu miaka minne au zaidi.

Angalia pia nyuki. Huchukua chavua kutoka shamba la jirani na kuchanganya aina. Kama shamba la jirani liko karibu, funga kwa uzi ua la kike na la kiume jioni, kabla hayajafunguka. Asubuhi yafungue, paka chavua ya la kiume kwenye la kike, kisha ulifunge tena la kike. Aina kama Sugar Baby ya miaka ya 1950, au Crimson Sweet iliyotolewa Kansas, Marekani, mwaka 1963, hurudi kama zilivyo zikilindwa hivyo. Mbegu za chotara hazirudi.

Tikiti ni zao la Afrika. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba ndugu yake wa karibu kabisa ni tikiti la Kordofan, Sudan. Mbegu za tikiti zilikutwa katika kaburi la Farao Tutankhamun, na katika Hesabu 11 Waisraeli jangwani waliyakumbuka matikiti ya Misri. Limetufikia kwa sababu kila kizazi kulikuwa na mtu aliyengoja liive, akaweka mbegu kabla ya kugawa au kuuza. Mwaka huu zamu hiyo ni yetu.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni mazao gani ya kihambani yanayoivia nyumbani, na ni yapi yasiyoivia?
2. Mnunuzi akifika kabla ya wakati, majirani waweza kukubaliana nini ili asiwepo anayelazimika kuuza machanga?
3. Nyumbani kwako, nani huchagua tunda la mbegu, na huchagua lini?