Teke la Bunduki na Bega Dogo

Leo somo letu halihusu kuchuma wala kuanika karafuu. Linahusu bunduki ya marisau. Chini ya mikarafuu yetu mna muhogo na migomba, na penye muhogo nguruwe hakosi kufika, na wamo miongoni mwetu wenye leseni ya bunduki kwa ajili ya kulinda mashamba yao. Zamani bunduki hizo zilikuwa mikononi mwa wanaume wa miraba minne. Siku hizi zinarithiwa na wajane na mabinti, kwa kufuata taratibu za polisi, na mtu wa mwili mdogo akishika silaha iliyopimiwa mtu mkubwa hupata taabu ambayo watazamaji huicheka. Mimi nami nilicheka, kisha nikajuta.

Binti wa dada yangu aliolewa milimani Usambara, wilaya ya Lushoto, na sasa ni mjane. Ana mahindi, maharage na ndizi katika mteremko unaopakana na msitu. Ni mwanamke mfupi, uzito wake haufiki kilo 50. Mumewe, marehemu, alikuwa mtu mrefu, na bunduki yake ni namba 12 ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu. Wenyeji wa milima ile hawakuanza leo kupigana na nguruwe. Habari za Wakilindi, alizoziandika Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, zinaeleza ya kuwa Mbegha, mwanzilishi wa utawala uliokuwa na makao yake Vugha, alikuwa msasi wa nguruwe aliyetoka Nguu. Watu walimpenda kwa kuwa aliwaokolea mashamba yao. Lakini Mbegha hakuwa na bunduki ya kumpiga teke begani.

Nilipokwenda kumtembelea alinionyesha bega. Lilikuwa jeusi tangu ncha ya mtulinga mpaka juu ya mkono. Nikamtania, nikamwambia bunduki inamtaka mwanamume. Hakucheka. Akasema, "Mjomba, bega litapona. Hofu yangu ni macho. Nikikaribia kuvuta, macho yanafumba yenyewe." Ndipo akanihadithia ya wiki iliyopita. Alikuwa juu ya dungu wakati wa magharibi, nguruwe wakaingia, akalenga, akafumba macho, akavuta kwa mshtuko. Marisau yakapita juu ya nguruwe, yakagonga mabati ya jiko la jirani ng'ambo ya bonde, na ndani ya jiko hilo alikuwamo mtu akisonga ugali. Mungu alisitiri. Tangu siku hiyo bunduki ilifungiwa kabatini, na nguruwe wakawa wanakula mahindi kwa raha zao.

Basi tuanze somo. Kwa nini bunduki hupiga teke? Kila mtu wa visiwani analijua jambo hili bila ya kufundishwa. Ukiruka kutoka katika mtumbwi kwenda gatini, mtumbwi hurudi nyuma. Ukiruka kutoka katika jahazi lenye shehena, jahazi halitikisiki. Isaac Newton, Mwingereza, aliliandika jambo hilo kuwa kanuni mwaka 1687: kila msukumo una msukumo wa kuujibu, ulio sawa nao na ulioelekea upande wa pili. Marisau yanakwenda mbele, bunduki inakuja nyuma. Marisau yakiwa mazito au yenye kasi zaidi, teke huzidi. Bunduki ikiwa nzito zaidi, teke hupungua.

Tufanye hesabu ndogo. Risasi ya namba 12 yenye marisau ya gramu 32, yanayotoka kwa kasi ya mita 400 kwa sekunde, katika bunduki ya kilo 3. Zidisha gramu 32 kwa 400, gawanya kwa gramu 3,000: bunduki inarudi kwa kasi ya mita 4 na robo kwa sekunde. Sasa tia risasi nyepesi ya gramu 24 katika bunduki ile ile: mita 3 na sehemu 2 ya kumi. Tofauti yaonekana ndogo, lakini nguvu ya pigo hufuata kasi iliyozidishwa kwa kasi, kwa hiyo pigo la pili ni kidogo tu zaidi ya nusu ya lile la kwanza. (Baruti yenyewe na moshi wake pia husukuma. Hapa tumeviacha kwa ajili ya wepesi, na teke la kweli ni kubwa kuliko hesabu hii, lakini ulinganisho unatufaa.)

Hapa ndipo nilipokosea. Nilimshauri mpwa wangu auze namba 12 atafute namba 20, bunduki nyepesi, nikidhani mtu mdogo anafaa bunduki ndogo. Namba hizo, kwa asiyejua, ni hesabu ya kale: namba 12 maana yake tundu la mtutu linatosha gololi ya madini ya risasi ambayo 12 kama hiyo hufanya ratili moja. Kwa hiyo namba 20 ina tundu jembamba zaidi, milimita 15 na nusu hivi kwa 18 na nusu za namba 12. Tulikuwa karibu kufunga biashara, tukampelekea habari fundi wa bunduki mwenye leseni, mzee mmoja wa maneno machache. Akachukua penseli. Namba 20 ya kilo 2 na nusu, risasi ya gramu 28, kasi ile ile: inarudi kwa mita 4 na nusu kwa sekunde, nayo ni kasi kuliko namba 12 aliyokuwa nayo! Pigo lake lote ni dogo kidogo tu, lakini linafika begani kwa haraka zaidi. Akasema, "Bwana, ulitaka kumtoa katika jahazi umtie katika mtumbwi." Namba 20 ni bunduki nzuri kwa mtu mdogo iwapo risasi zake ni nyepesi na yenyewe haikupunguzwa uzito mno. Wepesi peke yake si dawa.

Na kwa kuwa tumetaja namba mbili, nisiache onyo hili. Nyumba yenye bunduki ya namba 12 na ya namba 20 isichanganye risasi hata siku moja. Risasi ya 20 ikitiwa katika mtutu wa 12 huteleza ndani na kukwama mbele. Mtu akidhani hakutia kitu, akaweka ya 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka karibu na mkono wake. Ndiyo sababu watengenezaji wengi huzipaka risasi za 20 rangi ya manjano. Vilevile usitie risasi ndefu kuliko kipimo kilichopigwa chapa katika mtutu.

Fundi hakuanza na risasi wala na uzito. Alianza na kipimo cha kitako, na mimi sasa naamini kuwa hapo ndipo penye nusu ya tatizo la watu wadogo. Kitako kikiwa kirefu, mtu hukosa kukiweka mahali pake. Hukishika nje, juu ya mkono, mwili ukaegemea nyuma ili mikono ifike mbele, na shavu likawa mbali na mti. Bunduki ikirudi, inakuta mwanya, inashika kasi, ndipo inagonga. Mpwa wangu alikuwa na alama ya pigo juu ya mkono, si katika kibonde cha bega, na fundi alipoiona hiyo alijua kila kitu.

Kutoka kilimi cha kufyatulia mpaka katikati ya kitako ilikuwa sentimita 37. Fundi alimpima akakubali 34. Alikata mti sentimita 5, akaweka mpira mnene wa sentimita 2. Mpira ule ulaini wake haupunguzi teke lenyewe, ila unalirefusha kwa wakati na kulitandaza, kama tofauti ya kuangukia sakafu na kuangukia godoro. Upande wa chini wa kitako aliukata kwa mshazari kidogo, kwa sababu kwa wanawake ncha ile huchoma kifua. Kisha akatoboa tundu ndani ya kitako chini ya mpira, akatia gramu 300 za madini ya risasi, akazikaza zisicheze. Kazi hii si ya seremala wa vitanda. Kitako kikipasuka kwa sababu ya tundu baya, hasara ni kubwa, na silaha yenye leseni haichezewi ovyo. Mtutu haukuguswa: kuukata ni kuongeza teke na mlio, tena sheria haipendi.

Jambo moja nililolipenda: fundi alikataa kumpima akiwa na blauzi tu. Lushoto ni juu ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Julai usiku watu hulinda mashamba kwa sweta na koti. Koti zito ni kama kuongeza urefu wa kitako. Akamwambia avae kama anavyovaa shambani, ndipo akapima. Kipimo kikiwa sawa, bunduki ikiwa begani na shavu limelala juu ya mti, kati ya pua na kidole gumba cha mkono wa kuvutia huwa na nafasi ya vidole viwili au vitatu. Gumba likiwa karibu mno na pua, siku moja litaigonga.

Sasa kusimama. Mguu wa mbele uchukue uzito zaidi, goti lake lilegee kidogo, kifua kiinamie mbele ya nyonga. Kitako kikazwe ndani ya kibonde cha bega kabla ya kuvuta. Wengi wenye maumivu hukishika kwa woga, mbali kidogo na mwili, nao ndio wanaoumia zaidi. Mwili uachwe uyumbe pamoja na bunduki. Kwa hiyo usiegemee mti, jiwe wala nguzo ya dungu: mwili ukizuiwa nyuma, bega hubeba peke yake kilichokuwa kibebwe na mtu mzima. Aliyeketi juu ya dungu huliona teke kuliko aliyesimama; akiweza asimame. Na mwenye bunduki ya vilimi viwili aweke kidole kimoja tu ndani, asije akafyatua mitutu yote pamoja.

Milimani kuna shida yake zaidi. Shamba ni mteremko, na anayelenga chini hujikuta amerudisha uzito kisiginoni ili asianguke. Mpwa wangu alichimba vikanyagio viwili bapa kando ya dungu. Tena akachagua upande mpya: zamani alitazama bonde, na ng'ambo yake ni nyumba za watu. Sasa anatazama juu, kwenye ukingo wa udongo, ili marisau yanayopotea yaingie ardhini. Nguruwe akipita juu ya mgongo wa kilima, ambako nyuma yake kuna mbingu tu, haruhusiwi kupigwa, hata awe mkubwa namna gani.

Limebaki la macho. Mwili ukishazoea kuumia hauamini maneno. Lazima ufundishwe upya. Alianza na bunduki tupu nyumbani, iliyokaguliwa mara mbili, na ndani ya chumba kile risasi hata moja isiwemo, akitumia risasi za bandia zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Baadaye uwanjani, mbele ya fundi, alipiga risasi za gramu 24, kumi kwa siku na si zaidi, na vizibo vya masikio, maana nusu ya mshtuko ni mlio. Fundi alikuwa akimtilia risasi yeye mwenyewe, mara ya kweli, mara ya bandia, bila ya kumwambia. Ilipokuwa ya bandia, mtutu ulionekana wazi ukichovya chini kabla ya sauti ya mtambo. Siku ya kwanza ulichovya kila mara. Siku ya tano ulitulia mara saba katika kumi.

Msomaji atauliza: risasi nyepesi ya ndege itamfaa nguruwe? Haifai. Itamjeruhi tu, na nguruwe aliyejeruhiwa ni hatari kwa watoto waendao kuni. Kwa nguruwe zatakiwa chembe kubwa, kwa karibu, isizidi hatua 30, na risasi hizo zina teke. Lakini ni moja au mbili kwa usiku, na mwili uliofundishwa kwa nyepesi huzistahimili. Nyani aghalabu hutosha kutishwa kwa mlio. Wala leseni ya bunduki si ruhusa ya kuua kila kinachotembea: mbega wa kule na kima punju wetu wa Unguja wanalindwa, na kabla ya kumwinda mnyama yeyote yafaa kuuliza ofisi inayohusika.

Barua yake ya mwisho imesema amewapiga nguruwe wawili tangu mahindi yalipobeba, na kwamba jirani wa ng'ambo amemletea kikapu cha magimbi. Kipande cha kitako kilichokatwa hakukitupa. Fundi alimwagiza akihifadhi kavu, kimefungwa kwa kitambaa, kwa kuwa mwanawe wa kiume anarefuka kama baba yake, na siku akipewa leseni kitaunganishwa tena.