Dondoo muhimu: Kompyuta ya nyumbani, ununue au uunde?

Kama kazi ni kuandika, hesabu za duka na masomo ya watoto, nunua mtumba wa ofisini: Dell OptiPlex au HP EliteDesk, Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi. Chagua yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. Za nyuma yake, isipokuwa chache, Windows 11 haizikubali rasmi, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulifikia kikomo Oktoba 2025. Mwambie muuzaji afungue kasha mbele yako. Ukikuta diski ya kuzunguka, tenga fedha za SSD. Hakuna badiliko jingine litakaloipa kasi kama hilo.

Kuunda kunamfaa mhariri wa video au mcheza gemu, kwani pawasaplai za mashine nyingi za ofisini hazimudu kadi kubwa ya picha. Ukiunda, tafadhali, usibanie pawasaplai.